Milango ya Gereji Ikae Imefungwa

Sheria za mtaa wa Rancho Sereno zilikuwa kurasa tisini na nne, na Marisela Zamarripa alizisoma zote mara mbili kabla hajamwambia mtu yeyote kwamba ile nyumba ameipenda. Alizisomea kazini wakati wa chakula cha mchana, kibakuli cha maharagwe mbele yake na kalamu ya rangi ya njano mkononi. Palikuwa na urefu wa majani, rangi za kuta, aina ya ua, saa ya kutoa mapipa ya taka na saa ya kuyarudisha. Mbwa wasizidi wawili, wawe wamefungwa kamba, na mwenye mbwa aliyemuuma mtu atatakiwa kumwondoa mtaani ndani ya siku kumi. Hapo kwenye mbwa alipaka njano mpaka karatasi ikalowa.

Mwezi wa Aprili mbwa wa jirani aliruka ua akamng'ata binti yake Jimena, mwenye miaka minane, mkononi. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Marisela alipokwenda kugonga mlango, jirani alitoka na kopo la bia, akatazama picha za jeraha kwenye simu, akasema, "Mbwa ni mbwa, dada." Akafunga mlango. Marisela alikuwa amezaliwa na kukulia huku kusini mwa San Antonio na hajawahi kupaonea haya. Lakini tangu siku ile alianza kutamani mahali ambapo ukimwambia jirani "hii hairuhusiwi," kuna karatasi nyuma yako.

Nyumba ya pili waliyokuwa wakiifikiria ilikuwa mtaa wa Palo Blanco, hatua mia mbili kutoka kwa baba yake. Kubwa zaidi, kivuli kizuri, na hakuna chama chochote cha wenye nyumba cha kusimamia sheria, wala karatasi. Jirani wa kushoto alikuwa na magari saba yaliyokufa, na kwenye la saba alikuwa amefunga mbwa kwa mnyororo.

"Mnyororo umefungwa," alisema mumewe, Abiel.

"Na wa yule aliyemng'ata Jimena ulikuwa umefungwa."

Abiel alikuwa fundi wa viyoyozi, mtu mpole mwenye mabega mapana, na sheria za Rancho Sereno zilimgusa pabaya mapema tu. Jioni moja Marisela alimsomea jikoni.

"Kwa hiyo gari langu la kazi haliruhusiwi kulala mlangoni kwangu," alisema Abiel.

"Lenye maandishi ya biashara haliruhusiwi."

"Na ngazi juu."

"Na ngazi juu."

"Na mimi je? Shati langu lina maandishi hayo hayo. Nitaruhusiwa kulala ndani, au niende nikalale karakana?"

"Wewe utavua shati."

"Ukisema hivyo nitasaini leo hii."

Walicheka, lakini walivutana siku tatu. Mwishowe Abiel alikubali kuliacha gari kwenye uwanja wa kampuni na kuamka nusu saa mapema kila siku ya kazi. Naye Marisela akakubali kwamba Jumapili hakuna atakayemuuliza kuhusu moshi wa kuchoma nyama. Walipatana kama watu wanaouziana ng'ombe, kila mmoja akijua anachotoa na anachopata.

Akabaki baba.

Bila baba hawakuweza kununua, si huku wala kule. Mpango ulikuwa baba huyo, Mzee Eleuterio, auze nyumba yake, achangie, kisha ahamie nao kwenye chumba cha chini. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alikuwa mwashi, na ile nyumba aliijenga mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa miaka sita. Mkewe, Amparo, alipofariki, aliacha kuingia jikoni isipokuwa kuchukua kahawa. Maisha yake yote yakahamia kwenye gereji, kile chumba cha gari kilichounganishwa na nyumba kwa mbele, ambacho gari halijawahi kukiona kwa ndani. Kila siku saa kumi alasiri aliusukuma mlango juu kwa mikono yake miwili, akapanga viti sita vya chuma, akawasha feni, akakaa akiitazama barabara. Huyu anapita na mashine ya kukatia majani iliyogoma, yule na mfuko wa ndimu, mwingine na habari za mtoto wa fulani aliyefungwa. Mwezi ule wa kwanza baada ya mazishi majirani hao walikuja, wakakaa, hawakusema kitu, wakaondoka. Kesho yake wakaja tena. Marisela alijua, wala hakuhitaji kuambiwa na daktari, kwamba ule mlango ndio uliomzuia baba yake asimfuate mama.

Basi siku moja alichukua kile kitabu cha sheria akaenda kumsomea palepale gerejini. Mzee Eleuterio alisoma Kihispania, polepole, kidole kikitangulia. Kiingereza hakusoma kabisa. Tangu Marisela ana miaka saba, kila karatasi iliyoingia nyumba ile ilipitia kwake: bili, barua za shule, za hospitali, hata ile ya kuthibitisha ugonjwa wa mama. Alipokuwa na miaka kumi, msimamizi mmoja wa ujenzi alimwita baba yake nyumbu mbele ya watu, naye mtoto akasita kutafsiri. Baba alimwinamia akamwambia, "Sema alivyosema. Usiniongezee, usinipunguzie. Ukinipunguzia, nitajuaje nimesimama wapi?" Marisela akasema nyumbu. Baba akaitika kwa kichwa, akaenda kuchukua zana zake, wakaondoka.

Siku hiyo ya kusoma, gerejini walikuwepo pia Mzee Tacho, rafiki wa baba tangu ujana, na mkewe, Bi Queta, aliyekuwa akimenya karanga na kumpa kila mtu isipokuwa mumewe.

"Anza mwanzo," alisema Mzee Eleuterio. "Yote."

"Ni kurasa tisini na nne, Baba."

"Kuna mahali nakwenda?"

Marisela akaanza. Kurasa za mwanzo zilikuwa na maneno ya kisheria, na wazee walisikiliza kwa heshima, kama kanisani. Kisha wakafika kwenye majani.

"Yasizidi inchi sita," alitafsiri.

"Nywele za masikio ya Tacho zimeshazidi hapo," alisema Bi Queta.

"Zangu ziko ndani ya ua," alisema Mzee Tacho. "Soma, binti, usimsikilize huyu."

"Kamba za kuanikia nguo zisionekane kutoka barabarani."

"Kwa nini? Hao watu hawavai chupi?"

"Wanavaa, Queta, ila hawataki uzihesabu."

"Kuku hawaruhusiwi. Jogoo hawaruhusiwi."

"Hilo zuri," alisema Mzee Eleuterio, na wote wakamtazama. "Nini? Nimeamshwa na jogoo wa watu miaka arobaini. Endelea, mwanangu."

Alikuwa akifurahi. Marisela aliona jinsi alivyoegemea kiti, mikono juu ya tumbo, akiuonja mtaa ule sheria kwa sheria. Akafikiri: atakubali. Akafungua ukurasa wa hamsini na moja.

Kifungu kilikuwa juu kabisa, mistari mitatu. Milango ya gereji ikae imefungwa wakati wote, isipokuwa gari linapoingia au kutoka. Hakukuwa na njano juu yake. Mara zote mbili alikiona, mara zote mbili alijiambia atauliza. Alipomuuliza dalali wa nyumba, yule alicheka kidogo akasema hicho hawakifuatilii sana, ni cha kwenye karatasi. Marisela, ambaye aliupenda ule mtaa kwa sababu vya kwenye karatasi vinafuatwa, alimshukuru na kukata simu.

Feni ilikuwa inageuka. Barabarani mwanamke alipita na mkokoteni wa nguo za kufua, akainua mkono, na wazee wote watatu wakainua yao.

Marisela akafunua ukurasa.

"Mapipa ya taka," alisema, "yatolewe baada ya saa kumi na mbili jioni, siku moja kabla ya siku ya kuzoa."

Akaendelea mpaka mwisho. Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha baadaye. Alipofunga kitabu, Mzee Eleuterio alijikuna kidevu.

"Na kuhusu gereji hakuna neno?"

"Isigeuzwe kuwa chumba cha kulala," alisema Marisela. Hiyo nayo ilikuwemo, ukurasa wa hamsini na nne.

"Silali gerejini mimi."

"Unasinzia," alisema Mzee Tacho.

"Nasinzia kwenye kiti. Wameandika kiti?"

"Hawajaandika kiti, Baba."

"Basi si wabaya. Wanapenda usafi tu." Akampigapiga Tacho gotini. "Chako nitakibeba. Ukija utakikuta mahali pake."

Nyumba ya mzee iliuzwa upesi. Alisaini kila alipoonyeshwa, na kila mahali kabla ya kusaini alimtazama kwanza binti yake.

Walihamia Julai. Rancho Sereno, ranchi tulivu. Ng'ombe hakuwepo hata mmoja, na Kihispania chenyewe kilikuwa kwenye ukuta wa lango tu. Mzee Eleuterio alilisoma jina lile kwa sauti siku ya kwanza, akacheka, akasema angalau kuna kitu kimoja hapa anajisomea mwenyewe. Jimena alipewa chumba chenye dirisha la kuangalia mialoni. Wiki ya kwanza alikwenda mpaka kwenye bembea za mtaa peke yake na kurudi, mikono yote miwili mizima, na Marisela alijifungia bafuni akalia kwa furaha.

Mlango wa gereji ulikuwa wa umeme. Mzee aliubonyeza juu na chini mara kadhaa. "Kama mlango wa benki," alisema. Saa kumi alasiri ya siku ya pili alipanga viti sita kwa mstari, akawasha feni, akakaa.

Magari yalipita. Kila gari lilipofika kwenye nyumba ya mwenyewe, mlango wa gereji ulipanda wenyewe, gari likaingia, mlango ukashuka, na mtu hakuonekana. Jioni Marisela alimkuta bado anatazama.

"Wanamezwa hawa," alisema mzee. "Nimehesabu kumi na wanne. Sijaona miguu ya mtu."

"Watakuzoea, Baba."

"Ni mimi nitakayewazoea. Wao wako kwao."

Mzee Tacho na Bi Queta walikuja mara moja. Ilikuwa dakika arobaini za barabara kuu, na Tacho hakuwa tena na macho ya barabara kuu. Walikaa saa mbili, wakala karanga, wakaisifia nyumba. Hawakuja tena.

Barua ya kwanza ilifika Agosti mwanzoni. Marisela aliifungua jikoni, na ndani, chini ya jina la chama cha wenye nyumba, palikuwa na picha ya rangi, kubwa kama kiganja: gereji yao wazi, viti sita, na katikati baba yake na fulana nyeupe, mikono juu ya tumbo. Imepigwa kutoka barabarani, ndani ya gari. Ukiukaji, kifungu namba fulani, ukurasa wa hamsini na moja.

"Huyo si mimi?" Mzee Eleuterio alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. "Nani kanipiga?"

Marisela alikuwa na nafasi pale. Baadaye aliipima mara nyingi nafasi ile, upana wake, jinsi ambavyo ingetosha kabisa.

"Watu wa mtaa," alisema. "Huwapiga picha wakazi wapya."

"Wote?"

"Wote."

"Basi wangeniambia nivae shati." Akaichukua barua mkononi mwake, akaitazama picha kwa mbali, akaitazama kwa karibu. "Lakini vimetoka vizuri viti."

Akaikata picha kwa mkasi, akaibandika kwenye friji ya zamani ya gerejini kwa sumaku.

Abiel ndiye aliyekiona kipande kilichobaki, pipani. Alikisoma, akaja nacho chumbani, akafunga mlango.

"Hukumwambia?"

"Nitamwambia."

"Uliliona hili kabla hatujanunua?"

Marisela akageukia dirisha.

"La gari langu uliniambia," alisema Abiel. "Tulibishana siku tatu."

"Wewe ungeweza kukataa, tukatafuta njia."

"Na yeye?"

Marisela alipolisikia swali lile likisemwa kwa sauti alikaa kitandani. Abiel alikunja kile kipande cha karatasi, akakiweka juu ya kabati la nguo, kama mtu anayeweka risiti.

Usiku uleule Marisela alikiandikia chama. Aliandika vizuri, kwa moyo wote, akiamini kwamba waliotunga kurasa tisini na nne kwa ajili ya usalama wa watu hawatashindwa kuongeza mstari mmoja kwa ajili ya mzee. Alieleza habari za mama. Aliomba saa mbili tu kwa siku, kuanzia saa kumi. Jibu lilikuja baada ya siku sita, mistari miwili: walimwelewa kabisa, na sheria ni kwa faida ya thamani ya nyumba zote, ikiwemo yake.

Wakati huo mzee alikuwa ameanza kuvaa shati. Shati la kola, lililopigwa pasi, na kofia yake nzuri ya majani ya Jumapili. Saa tisa na nusu aliingia kuoga. Saa kumi alikuwa kitini, amenyooka. Jimena alimuuliza anakwenda wapi. "Siendi popote," alisema. "Nasubiri mpiga picha."

Barua ya pili ilipofika aliifungua mwenyewe, akaja nayo akiipunga. "Kuna nyingine! Tazama, safari hii nilimwona. Gari dogo jeupe. Nilimpungia mkono." Na kweli, pichani mkono wake ulikuwa juu, na uso wote unacheka.

"Wameandika nini?" aliuliza.

"Vilevile, Baba."

"Niko vizuri, ama?"

"Uko vizuri."

Akaibandika kando ya ile ya kwanza. Kisha akawa anaweka chupa ya soda kwenye barafu kila siku kwa ajili ya yule mwenye gari jeupe, maana jua la Agosti lilikuwa kali na aliona kazi ya kuzunguka hivyo kutwa si mchezo.

Alhamisi moja Marisela alitoka kazini mapema. Alikuwa ameamua kumwambia. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, kwa Kihispania, na kila alipoyapanga yalikuwa yanaanza na Jimena. Alipoingia mtaani aliliona gari jeupe limesimama mbele ya nyumba yao. Baba yake alikuwa kwenye ukingo wa njia ya gari, kofia mkono mmoja na chupa ya soda mkono mwingine, ameinama dirishani. Ndani, kama Marisela alivyokuja kujua baadaye, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye beji ya kampuni inayosimamia mtaa, jina lake Treviño. Alikuwa akizungumza Kihispania kile cha kukwaruza cha watu waliokisikia kwa bibi zao tu, lakini alikuwa akijitahidi, na alikuwa akieleza. Aliionyesha gereji. Aliushusha mkono wake, juu kwenda chini, kama mlango. Kisha akaweka mkono huohuo kifuani.

Marisela alisimamisha gari nyumba mbili nyuma. Angeweza kushuka. Kiyoyozi kilikuwa kinampiga usoni na mikono yake ilikuwa kwenye usukani, na akabaki hivyo, akimtazama baba yake akisikiliza. Mzee hakubishana. Alimpa yule mwanamke chupa, yule akatikisa kichwa, naye akaendelea kuishika mbele yake mpaka akaipokea. Gari jeupe likaondoka. Mzee akavaa kofia, akaingiza viti ndani kimoja kimoja, mpaka cha sita, na mlango ukashuka.

Marisela alimkuta amekaa mezani jikoni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukaa.

"Kilete kile kitabu," alisema.

Akakileta.

"Nisomee kuhusu gereji."

Akasoma. Kiingereza kwanza, bila kuombwa, kisha kwa lugha yao. Hakuongeza wala hakupunguza. Ilichukua muda mfupi sana.

"Ukurasa wa ngapi?"

"Hamsini na moja."

"Siku ile ulinisomea wa hamsini."

"Ndiyo, Baba."

"Na wa hamsini na mbili."

"Ndiyo."

"Ulikiona."

"Nilikiona."

Majirani hawakusikika, kwa maana ule ulikuwa mtaa mzuri.

"Kwa nini?"

"Ungekataa, Baba."

"Ningekataa," alikubali. "Ndiyo maana mtu huulizwa."

"Nilikuwa nafikiria Jimena. Mkono wake. Nilikuwa..."

"Usimtangulize mtoto." Hakupandisha sauti. "Ungeniambia, 'Baba, ni kwa ajili ya mtoto, na mlango utafungwa,' ningekasirika siku tatu kama mumeo. Halafu ningeuza, ningeuza mpaka kitanda. Ningekuja hapa nikakaa gizani, nikijua kwa nini nakaa gizani. Hilo ungeniachia nilitoe mwenyewe. Mimi nimevaa shati, Marisela. Wiki tatu nzima nimekuwa nikimvalia shati yule mama. Anasema kule ofisini wananijua. Anasema wanasema, yule mzee anayepunga mkono."

"Nisamehe."

"Ndiyo," alisema, kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu. Akainuka, akaenda gerejini, akarudi na zile picha mbili. Akaziweka juu ya kitabu. "Hizi zako. Barua zilikuwa na jina lako."

Hakuhama. Hakuwa na pa kuhamia; nyumba yake sasa ilikuwa na watu wengine, na walikuwa wameshaipaka rangi ya kijivu. Hakununa pia. Alimpeleka Jimena kwenye bembea, alimfundisha kuchanganya saruji kwenye ndoo, aliusifia wali wa Marisela. Mambo yote ya nyumba yaliendelea, na mgeni angeona familia inayopendana, na asingekosea. Saa kumi alasiri alikaa chumbani kwake na redio.

Kisha, katikati ya Septemba, barua yake ilifika, kutoka kliniki ya macho. Abiel alikuwa amempeleka kupimwa, kwa sababu jicho la kulia lilikuwa linaona ukungu. Marisela aliikuta kwenye sanduku la barua, akaingia nayo ndani, na kwa mazoea ya miaka ishirini na saba alikuwa tayari na kidole chini ya gundi ya bahasha alipomwona baba yake amenyoosha mkono.

"Lete."

"Nikusomee?"

"Hapana, mwanangu. Itasomwa."

Aliikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akachukua kofia.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kwa Queta."

"Ni mabasi mawili! Na kituo kiko nje kabisa ya lango, hakuna hata njia ya miguu."

"Nina miguu."

"Queta anajua Kiingereza cha kwenye televisheni."

"Anajua kidogo," alisema mzee. "Anachojua anakisema."

Marisela alisimama mlangoni. Kupitia kidirisha cha bahasha, kabla hajaitoa mkononi, alikuwa ameona mstari mmoja wa maandishi meusi mazito: tafadhali piga simu kabla ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Baba, hiyo ina tarehe. Inataka ujibu. Niliona, imeandikwa..."

Mzee Eleuterio aligeuka, akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kama anavyosikilizwa mtu wa mauzo aliyegonga mlango. Kisha akaitika kwa kichwa, akatoka. Alishuka ile barabara safi, kando kando kwenye majani ya watu, yaliyokatwa yote sawa, mpaka akapotea kwenye kona.

Alirudi saa moja jioni. Chakula kilikuwa kimefunikwa mezani. Jimena alimkimbilia, naye akamtolea karanga mfukoni, za kumenya.

"Wamesemaje?" aliuliza Marisela.

"Wamesema nisubiri."

"Nani amesema usubiri, Baba? Barua inasema usubiri?"

"Queta amesema nisubiri." Akavuta kiti, akakaa, akafunua sahani. "Watanipigia."

"Baba, naomba niione. Mara moja tu."

"Chakula kizuri," alisema mzee.

Barua ilikuwa pale pale kwenye mfuko wa shati, sasa imekunjwa mara nne, na kona yake moja ilikuwa inachungulia nje. Mkono wa Marisela ungeifikia bila hata kuinuka.